Kufanyia kazi nyumbani na treni ya Moshi–Arusha

Jamani, naishi Majengo, Moshi, ofisi iko Arusha. Zamani saa 11 alfajiri nilikuwa stendi kila siku, uji kwenye chupa, nagombania siti ya kosta. Sasa naenda Jumanne na Alhamisi tu, siku nyingine nafanyia kazi nyumbani. Treni ilirudi Moshi 2019 na Arusha 2020, ila ni ya msafiri wa Dar. Sisi wa siku mbili kwa wiki tunaweza kujaza treni ya asubuhi ya Moshi–Arusha, ikiwekwa?

— Dada, Uingereza mwaka 2021 walianzisha tiketi ya treni ya kusafiri siku 8 zozote ndani ya siku 28, kwa watu kama wewe.

— Tatizo si tiketi. Wote mkichagua Jumanne, Ijumaa behewa tupu, na dereva analipwa vilevile.

— Kweli kaka, Ijumaa sikuiwaza. Basi treni ibebe na akina mama wanaouza ndizi. Wao hawafanyii kazi nyumbani.