Naomba ushauri: mwalimu wangu husahihisha mashairi yangu hadi siyatambui

Mtunzi wa Tanga:
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninafundishwa utunzi na malenga mmoja wa mtaani kwetu, mzee ninayemheshimu sana, ambaye amenifunza kuhesabu mizani, yaani silabi, 16 katika kila mshororo na kupatanisha vina vya kati na vya mwisho. Tatizo ni kwamba kila ninapompelekea shairi, hulirudisha likiwa limetimia lakini si langu tena. Niliandika, “Mama yuko gengeni, anapanga nyanya zake”; akaufuta mshororo wote na kuandika, “Mzazi mwenye huruma, anilea kwa mapenzi.” Je, nivumilie, au nimwache na kuandika mashairi huru, yasiyofuata mizani wala vina, kama alivyofanya mshairi Kezilahabi katika diwani yake ya 1974?

Kijana wa Mvita:
Usimwache, ndugu yangu. Ukwapi wako, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, una mizani 7 badala ya 8, kwa hiyo shairi ni guni, lina kasoro ya mizani, na hapo mzee amekusaidia kweli. Ila hakupaswa kukuondolea genge na nyanya, kwa sababu mzazi mwenye huruma yumo katika mashairi ya kila mtu, ilhali huyo anayepanga nyanya umemwona wewe. Sema, “Mama leo yu gengeni.”

Mtunzi wa Tanga:
Ahsante sana. Lakini mama huenda gengeni kila siku. Hilo “leo” halitapotosha maana?

Bi Mkubwa wa Pangani:
Litapotosha, mwanangu, na nimefurahi kwamba umeliona mwenyewe. “Mamangu yuko gengeni” inatimiza mizani 8 bila kijazio. Kuhusu mashairi huru, yatunge pale shairi lenyewe linapoyadai, si kwa ajili ya kumkimbia mzee. Mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972, alitunga gerezani kwa arudhi, yaani kanuni za utunzi, aliyoirithi Mombasa, na bado diwani yake ya mashairi hayo, Sauti ya Dhiki, haiwezi kudhaniwa kuwa ya mtu mwingine.

Mwombe mwalimu wako, kwa adabu, atie alama penye kosa bila kukuandikia mshororo mpya, kisha umghanie ulichorekebisha, kwa maana malenga wengi hulinasa kosa kwa sikio kabla ya kulihesabu kwa vidole. Akiendelea kuandika upya, usiitupe nakala yako ya kwanza. Ilinganishe na yake, ubeti kwa ubeti, na utaona ni wapi alirekebisha mizani na ni wapi alibadilisha tu kile ulichotaka kusema.