Fumbo la kulinganisha: wanafunzi wakiona "amemzidi" wanajumlisha. Mchoro wa mistatili unachorwaje?

ChakiNyeupe: Walimu wenzangu, naomba msaada. "Asha ana shanga 47. Amemzidi Juma shanga 18. Juma ana ngapi?" Wengi wanaandika 65. Mistatili wanachora, lakini ni mmoja mrefu, 47 na 18 zote ndani, kisha wanajumlisha. Kosa liko wapi?

MwlHesabu: Mstatili mmoja ni wa mafumbo ya jumla. Kulinganisha kunataka miwili, mmoja juu ya mwenzake, yote ianzie kwenye mstari mmoja kushoto. Ikianza ovyo, tofauti haionekani. Kabla hawajagusa namba, waulize: nani anazo nyingi? Ndipo wachore:

Asha [——————|—18—] zote 47
Juma [———?——]

Hiyo 18 inakaa kwenye mkia wa Asha tu, pale pasipo na kitu chini yake. Wengine huiandika ndani ya mstatili wa Juma, kana kwamba Juma ndiye mwenye shanga 18. Sasa waweke kidole kwenye "?" wakipandishe juu: kipande cha urefu uleule kimo ndani ya 47. Basi 47 − 18 = 29. Wahakiki: 29 + 18 = 47.

KipandeSawa: Niongeze la lugha. "Amemzidi" limebeba watu wawili ndani ya neno moja, na mtoto hupoteza nani ni nani. Waigeuze sentensi kwa mdomo kwanza: "Juma ana pungufu ya 18 kuliko Asha." Na jamani, tuache kuwafundisha kwamba "zaidi" maana yake jumlisha! Fumbo hili hili linaonyesha kanuni hiyo inavyowapoteza.

ChakiNyeupe: Asanteni sana. Na la "mara"? "Shanga za Asha ni mara 3 ya za Juma. Amemzidi 84." Wanagawa 84 kwa 3.

MwlHesabu: Hapo anza na mwenye chache. Juma kipande 1, Asha vipande 3 vya ukubwa uleule. Zile 84 ni vilivyozidi, yaani vipande 2, kwa hiyo kimoja ni 42: Juma 42, Asha 126. Kama 84 ingekuwa jumla yao, vingekuwa vipande 4, kila kimoja 21. Wape maswali yote mawili kipindi kimoja, na kabla ya kugawa wachore mabano yanayofunika vipande vinavyofanya 84. Wanakimbilia 3 kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye swali. 2 na 4 zinaonekana kwenye mchoro tu.

KipandeSawa: Usiandike "mara 3 zaidi ya". Mmoja atachora vipande 3, mwingine 4, na kila mmoja ana hoja. Tena tumia karatasi ya miraba, kila kipande miraba 4. Visipolingana, mtoto anaacha kuhesabu vipande na kuanza kukisia kwa macho.