Tupeane uzoefu: solo la gitaa lililokushika ukasahau unakokwenda

Mkaa Gongo la Mboto: Jana kwenye daladala dereva kaweka "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Nimepitilizwa kituo na sijamlaumu mtu. Jamaa hana papara, noti moja anaibembeleza mpaka unahisi anakujibu wewe. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, mimi sijazaliwa, lakini gitaa lile likilia naumia kama nilimzika mwenyewe. Nyie lenu lipi?

Kanda Mbili: Kwa Mbaraka sina la kuongeza.

Besi Tupu: Solo, solo! Kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika, toa besi la Tommy Malanga na rithimu ya Omar Shabani, tuone John Ngereza na solo lake anabaki na nini.

Shemeji wa Moro: Anabaki na solo. Wewe umezoea spika zilizopasuka.

Mama Wawili: Langu sijui hata nani alilipiga. Bendi ilikuwa Magomeni, nimekwenda na mume wangu. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, limekolea, mpiga solo kapandisha vidole kule mwisho wa shingo ya gitaa, anarudia kipande kilekile, kila akirudia anakikaza kidogo, rithimu haimwachi. Umeme ukakatika! Magitaa kimya, dramu ikaendelea, na sisi gizani tukaendelea kwa makofi. Umeme uliporudi kaka yule kaingilia palepale alipoachia, ukumbi ukalipuka. Nageuka nimkumbatie mwenzangu: kamkumbatia jirani yetu wa mlango wa pili, wamefumba macho, hawana habari kama taa zimewaka.

Kanda Mbili: Weee! Ikawaje?

Besi Tupu: Dada, samehe. Kwenye giza mtu anaweza kukosea kiuno.

Bi Mkubwa Tanga: Asikudanganye huyo. Kiuno hakikosewi. Ulipaswa kuondoka usiku uleule na funguo za nyumba.

Mkaa Gongo la Mboto: Jamani, uzi ni wa magitaa.

Mama Wawili: Tuliachana. Solo silidai kitu, nikilipata nalicheza.

Shemeji wa Moro: Kwa machungu hayo sikiliza Dr Nico, yule mpiga gitaa wa Kongo, akipiga gitaa la Kihawai, linaliwaza. Mkongo mwenzake Diblo Dibala muache kwanza. Hawakumwita Machine Gun bure, utaenda kuvunja mlango wa watu.

Bi Mkubwa Tanga: Avunje tu.

Besi Tupu: Na huyo jirani bado anakaa Magomeni?