Tupeane uzoefu: uliyetoka nyumbani kwa kazi ya dini, mlifichana nini na familia?

Kobe wa Raskazone

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo naona watu wa dini zote wanalipitia ila halisemwi. Kijana akitoka nyumbani kwenda mbali kwa kazi ya Mungu, iwe misheni, iwe tabligh (safari ya Waislamu ya kulingania dini), iwe utawa, mawasiliano yanapungua halafu pande zote mbili zinaanza uongo. Mama anasema huku wote wazima, mtoto anasema nakula nashiba. Sasa tupeane uzoefu, wewe ulifichwa nini na wewe ulificha nini?

Naanza mimi. Kwetu ni Muheza, Wabondei, Anglikana wa Magila toka enzi za mababu, ila nimekulia hapa Tanga mjini, Chuda. Nilipokuwa nasoma Dar nikajiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hawa mnaowaita Wamormoni. Nyumbani palichafuka kidogo, mzee akanuna, yakaisha. Kazi ikaja nilipopata wito wa misheni, mvulana anaenda miaka miwili, hauchagui unapelekwa wapi, mimi nikapangiwa Uganda. Mama akauliza Krismasi si utakuja? Nikamwambia hapana mama, hakuna likizo, mpaka imalizike.

Na kipindi changu ilikuwa kabla ya 2019, sheria zilikuwa ngumu kwelikweli. Simu ya nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na ile Siku ya Mama ya mwezi wa tano, basi. Katikati hapo ni imeili mara moja kwa wiki siku ya maandalizi, kwetu ilikuwa Jumatatu, siku hiyo hiyo unafua, unanyoa, unanunua chakula na unakimbilia intaneti kafe. Siku nyingine ni kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kusoma maandiko, kutembea juani na shati jeupe na tai mpaka jioni, saa nne na nusu usiku taa imezimwa. Na muda wote una mwenzako, hamuachani, anakwenda dukani unakwenda, wewe unakwenda na yeye anakwenda. Unapangiwa mwenza mgeni kabisa, mkishaanza kuzoeana mmoja anahamishwa.

Mama hana imeili wala hataki kuisikia. Dada yangu alikuwa anauza vitenge soko la Mgandini, ndo akawa posta yetu, jioni anakaa na mama barazani anamsomea nilichoandika. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa haniandikii wala hamsomei kama ilivyo, anachuja kotekote! Mimi niliumwa malaria Jinja nikawekewa dripu, nikaandika kijanja kwamba "wiki hii tumepumzika sana", dada akanusa, kwa mama akasoma "wiki hii wamekula sikukuu". Mama akawaambia wanakwaya wenzake mtoto wangu huko anakula sikukuu tu.

Halafu na wao wakanipiga changa la macho. Babu yangu mzaa mama, aliyenifundisha kuogelea pale Raskazone, alifariki nikiwa nimebakiza kama nusu ya muda. Mama akatoa amri asiambiwe, atachanganyikiwa, ataacha kazi. Na kweli kwa kawaida mmisionari hatoki kwenda msibani, labda uombe kwa rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo lako, na mara nyingi watu wanabaki. Dada akawa ananiandikia "babu anakusalimia". Binamu yangu aliyeko Korogwe hana habari na hiyo amri, akaniandikia "pole sana kaka kwa msiba wa mzee, tulimpumzisha salama". Niliisoma pale kafe watu wamepanga foleni nyuma yangu, dakika zangu zinakwisha kwenye kioo. Mwenzangu alikuwa Mzimbabwe hajui Kiswahili, akaona tu nimeacha kuchapa. Hakuuliza. Alilipia dakika nyingine akakaa.

Sikuwa na hasira na msiba, mzee alikula chumvi. Hasira ilikuwa zile salamu za wiki zote ambazo alikuwa ananitumia ameshazikwa.

---

Bwana Mkonge

Ngoja kwanza Kobe, Wamormoni si ndo wale wa wake wengi? We ulirudi na wangapi

---

Kobe wa Raskazone

Nilijua utafika tu. Hiyo waliiacha rasmi 1890 mkuu, leo ukioa wa pili kanisa linakufukuza. Na ukiwa misheni hata kutongoza huruhusiwi, na huruhusiwi kuogelea pia. Mtoto wa Tanga nimekaa Jinja pembeni ya ziwa na mto Nile miezi kibao natazama tu maji kama mbuzi aliyefungwa karibu na shamba.

---

Bwana Mkonge

Hahaha hiyo ya maji ni mateso kuliko ya wanawake. Mnalipwa lakini

---

Kobe wa Raskazone

Hulipwi hata senti. Unachangia mwenyewe au familia, mnapewa ya kula na nauli. Ndiyo maana na mimi sikusema nyumbani kwamba viatu vimetoboka, najua mama angeuza kitu.

---

Abu Sumayya Ngamiani

Assalaam alaykum. Kobe umenigusa japo dini mbalimbali, hili letu sote. Sisi kwenye tabligh mtu anatoka siku tatu, siku arobaini, mpaka miezi minne, nauli yako chakula chako, mnalala msikitini, mnapika wenyewe kwa zamu, asubuhi mnakaa mashwara, kikao cha kushauriana, na amiri, kiongozi wenu wa safari, leo nani atapika nani atazunguka mtaa. Mimi nilitoka arobaini kuelekea Lindi na mke wangu alikuwa mjamzito, tukahesabu tukaona nitawahi. Simu tulikuwa nazo ila ukitoka unashauriwa usiishike shike, ndo kusudi la kutoka. Nikipiga nyumbani anapokea shemeji, "dada amelala", "dada yuko bafuni", "dada kaenda kwa mama". Wallahi mimi nikawa naona sawa tu, mwanamke mjamzito analala sana.

Kumbe alijifungua kabla ya siku, hospitali ya Bombo, mtoto mdogo yuko kwenye joto. Mke wangu mwenyewe ndo aliyesema asiambiwe, akirudi katikati atanilaumu nimemkatisha. Nimefika nyumbani na begi mgongoni na godoro limefungwa kamba, nasikia mtoto analia ndani, nikadhani jirani kaja. Huyo ndo Sumayya. Leo mzima anasoma chuo cha Kurani anamaliza juzuu amma. Mke wangu tulielewana usiku ule ule. Mama mkwe ndo mpaka leo nikienda kwake ananiuliza "safari hii unakwenda wapi mwanangu" kwa sauti ile, wenye wakwe wananielewa.

---

Mama Kaole

Mimi nipo upande wa kubaki, acheni na sisi tuseme. Binti yangu yuko kwenye utawa, wakati huo alikuwa mnovisi, yaani bado anafunzwa kabla ya nadhiri. Ule mwaka wa unovisi ni mwaka mzima wa ndani hasa, haji nyumbani, simu hana, barua inapita kwa mlezi. Mwaka huo huo mvua ilikuja vibaya huku Bagamoyo, mashamba ya chumvi ya baba yake yakajaa maji, chumvi yote ikayeyuka ikarudi ilikotoka. Hatukuwa na kitu. Nikamwandikia "chumvi mwaka huu Mungu ametupa kwa namna yake". Sijasema uongo jamani, si ndiyo?

Mwanangu akajibu "mama nimeelewa, nawaombea". Yule mtoto ana akili, kajua yote. Kilichoniuma si kudanganya, ni kwamba aliacha kuniambia ya kwake kuanzia hapo, kila barua ikawa nzuri, sista fulani mzuri, chakula kizuri, bustani nzuri. Nikawa naisoma natafuta palipo na shida sioni. Mzazi barua isiyo na shida hata moja halali nayo.

---

Mtembeza wageni BGY

Mama Kaole shikamoo. Mimi napeleka wageni pale misheni ya zamani, wale mapadri Wafaransa akina Horner walivuka kutoka Zanzibar kuja Bagamoyo 1868. Kila mgeni anakimbilia habari ya mwili wa Livingstone kuletwa pale 1874, sawa, lakini mimi huwa nawapeleka makaburini kwanza. Ukisoma mawe pale ni vijana, wengi homa imewabeba mapema. Na mwaka huo wa 1868 mfereji wa Suez ulikuwa haujafunguliwa, ni 1869 ule, maana yake barua ya kwenda Ulaya ni safari ndefu ya meli. Huwa nawaza tu mama wa mmoja wao huko Ufaransa anasoma "mimi mzima mama" na kijana ameshazikwa chini ya minazi yetu. Kobe salamu zako za babu si za kwanza.

---

Kobe wa Raskazone

Mkuu umenimaliza.

---

Dada wa Dunda

Jamani na mimi ni wa misheni kama Kobe ila wa juzi juzi, wasichana tunakaa miezi kumi na nane. Mimi ni wa Bagamoyo, nimebatizwa Dar, nikaenda Kenya. Sisi tumekuta neema, toka Februari 2019 unaruhusiwa kuongea na nyumbani kila wiki, hata kwa vidio. Kobe utaona tulideka. Ila subirini niwaambie, vidio haina siri!

Mama yangu alikuwa anakaa pale pale kwenye kochi, nyuma yake friji. Wiki moja nikaona mama kahamia upande wa mlangoni, nikamuuliza vipi, "huku kuna upepo". Wiki inayofuata kaka anapita na simu anataka kunionyesha paka kazaa, simu ikazunguka sebuleni, friji haipo. Haipo na alama yake ipo sakafuni! Nikasema mama friji iko wapi, kimya, halafu akasema iko kwa fundi. Friji ilikaa kwa fundi mpaka narudi, na fundi mwenyewe hana jina. Biashara yake ya maandazi na barafu ndo ilikuwa inategemea ile friji, kwa hiyo nikawa najua mlo wa nyumbani umepungua, na yeye anajua kwamba najua, na kila Jumatatu tunacheka tunaonyeshana meno tu.

Kuna watu wanasema simu ya kila wiki imewaharibu wamisionari wa sasa, eti kiroho hakitulii. Mimi sikubaliani kabisa. Ile ya Kobe ya kusubiri Krismasi naona ilikuwa ukatili tu, mtoto wa miaka kumi na tisa. Lakini nakubali kwamba kuna siku nilikata simu nikashindwa kwenda kufundisha watu habari ya familia kuwa za milele, maana ndo somo letu kubwa lile, familia ni za milele, halafu ya kwako mwenyewe imepungukiwa friji. Mwenzangu alikuwa Mkongo, yeye nyumbani kwao mtandao hamna, wiki nyingi anapiga haipatikani. Anakaa pembeni anasikia mimi na mama tunadanganyana, siku moja akasema angalau wa kwako anapatikana kukudanganya. Nikanyamaza.

Na mchumba niliyemwacha Bagamoyo alioa. Hiyo hawakunificha, hiyo niliambiwa siku hiyo hiyo na watu kama kumi hivi, wengine sijawahi hata kuwa na namba zao.

---

Bwana Mkonge

Habari ya mchumba kuoa haihitaji posta dada, inakwenda na upepo. Pole lakini

---

Abu Sumayya Ngamiani

Dada wa Dunda hiyo friji bwana. Na kurudi je, Kobe? Sisi ukirudi siku mbili tatu unajiona mgeni kwako.

---

Kobe wa Raskazone

Kurudi kulinishinda zaidi ya kwenda sheikh. Ukishaachiwa rasmi na kiongozi wako unavua ile beji nyeusi ya jina na kuanzia hapo huna mwenza. Mimi nimetoka nyumbani kwenda dukani Chuda nikasimama mlangoni namsubiri mtu. Mama akauliza unamsubiri nani? Kwa babu nilipelekwa kaburini Muheza wiki ileile, dada alikuwa ananitazama kama mshtakiwa, sikumsema kitu. Baadaye sana nikamwomba zile imeili alizomsomea mama, nikamwambia nisomee na mimi kama ulivyomsomea. Tulicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

---

Mama Wawili Mikanjuni

Samahanini nimesoma yote kimyakimya. Mwanangu wa kiume ana wito wa misheni kama huo, anaondoka mwezi ujao, na bibi yake yuko Pangani hali si nzuri, tunamuuguza. Nifanyeje, nimwambie nini na nini nisimwambie akiwa huko? Naogopa.

---

Kobe wa Raskazone

Mama shikamoo. Kaeni naye kabla hajapanda basi mkubaliane kabisa, likitokea la kutokea nani atampa habari na kwa njia gani. Namba ya rais wake wa misheni iwe kwako, uikariri, yeye atamwita kijana amkalishe amwambie vizuri, si aisome mbele ya foleni. Na ndugu wote wajue mpango, mpaka wa Korogwe. Halafu kabla ya kuondoka mpeleke Pangani akae na bibi, siku kadhaa, si kupita tu na kuku.

---

Mama Kaole

Na akikwambia ana shida usilie palepale dada yangu. Ukilia safari ijayo hakwambii. Lia ukishakata simu.

---

Dada wa Dunda

Na usiuze kitu kinachoonekana kwenye vidio 😂

---

Mama Wawili Mikanjuni

Marahaba mwanangu Kobe, ahsanteni wote. Nimemwita nimemuuliza mwenyewe sasa hivi hapa, kasema aambiwe kila kitu, ya bibi na ya nyumba na ya baba yake, kasoro Coastal Union ikifungwa, hiyo tumfiche mpaka arudi.