Nyumba ya babu ya 1954 Tanga: tuanze na paa, ukuta au makochi?

Mama Nadhra

Salaam wakuu. Naomba mawazo ya waliowahi kukarabati nyumba kuukuu. Waliojenga mpya mniwie radhi, maana kila nikiwauliza jibu ni moja: "Vunja, anza upya."

Nyumba ni ya babu yake mume wangu, ipo hapa Tanga mjini, upepo wa bahari unafika. Ya chini tu: baraza mbele, sebule, vyumba vitatu, jiko nyuma. Kwenye ngazi ya barazani mtu aliandika kwa kijiti saruji ikiwa mbichi: 1954. Babu alikuwa karani shamba la mkonge, akajenga kidogo kidogo. Bibi alipofariki ikakaa tupu miaka sita. Sisi tumehamia mwezi wa kwanza kutoka chumba na sebule Makorora. Nadhra ana miaka minne, mdogo wake ana miezi kumi na minne, ndiyo anajifunza kutembea na kila anachookota kinakwenda mdomoni.

Hali ilivyo. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene mpaka dirishani Nadhra anakaa kama kwenye benchi. Chini, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, rangi inabambuka na chumvi nyeupe inatoka kama unga wa muhogo. Chumba cha watoto ndiyo kibaya kuliko vyote. Mabati ya nyumba kubwa yana kutu, yanavuja sehemu mbili. Jiko limeezekwa zile za kijivu za mawimbi, asbesto. Darini kuna popo, jioni wanatoka kwenye pengo la fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, mmoja mmoja kama wanafunzi wametoka shule. Soketi ni za matundu ya duara, waya umefungwa mpira uliokauka, ukiugusa unamomonyoka.

Kizuri nacho kipo. Sakafu ni ile saruji nyekundu, bibi alikuwa akiipiga nta na kumbi la nazi kila Ijumaa, na mpaka leo ukifuta vumbi unajiona kivuli. Milango ya mninga. Kabati la bibi la vyombo, halina hata kitasa kilicholegea.

Tuna milioni 11, na si za mkopo. Fundi tuliyempata anasema ukuta dawa yake ni kupiga lipu ya saruji nzito, juu yake marumaru hadi mita moja, "hutaona unyevu tena." Anataka milioni 3 na laki 8. Mume wangu anataka makochi ya L kwanza kwa sababu wageni wanakuja Idi na tunakalia mkeka. Mama mkwe anasema dari ya babu isiguswe. Mie sijui nimsikilize nani. Mngeanza na nini?

Fundi wa Pangani

Dada, mimi nimezeekea kwenye nyumba za aina hiyo. Huyo fundi wako mpe chai, muage vizuri, aende.

Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta maji kutoka ardhini kama utambi wa koroboi. Hauna karatasi ya kuzuia unyevu chini kama msingi wa siku hizi. Lakini ulikuwa hauozi, kwa nini? Kwa sababu chokaa inapumua, maji yanayopanda yanatokea papo hapo na kukauka. Ukimvika saruji na marumaru umemfunga pua. Maji hayaondoki, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Leo chumvi iko kiunoni, baada ya masika mbili itakuwa begani, juu ya marumaru zako. Na rangi ya mafuta ni hivyo hivyo.

Sasa kabla hujatoa hata shilingi, fanya jambo dogo. Chukua kipande cha nailoni ngumu, ukubwa wa sahani ya pilau, kibandike kwenye ukuta kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipite hewa. Siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta upande wa chumbani, ni hewa ya ndani nzito, fungua madirisha tu. Bandika vyumba vyote, usiridhike na kimoja.

Halafu zunguka nje. Je, udongo wa uani umepanda kuliko sakafu? Nyumba za zamani watu hufagia na kumwaga kifusi miaka sabini, ua unainuka, ukuta unazikwa. Chimba ushuke, maji yaelekee mbali. Weka gata. Usiku funga koki zote, soma mita ya maji, asubuhi isome tena; namba ikisogea kuna bomba linavuja.

Ukishamaliza hayo ndiyo utindue ile lipu iliyokufa, uache ukuta wazi ukauke, hata miezi miwili, msimu wa kaskazi ndiyo mzuri. Kisha lipu ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu, mchanga wa mtoni, si wa baharini maana huo una chumvi yake. Chokaa ipo, inachomwa hapo hapo Amboni. Iloweke wiki kadhaa kabla ya kutumia, usikubali fundi anayeichanganya asubuhi na kuipiga mchana. Juu pakaa chokaa ya kawaida.

Paa ndilo la kwanza katika yote. Ukuta utakaukaje na juu kunavuja? Ukipanda kenchi, zile mbao zinazobeba paa, chukua bisibisi, gonga kwa mpini. Ikilia kama ngoma ndani mna kitu. Ukiona njia za udongo ni mchwa, ukiona unga mkavu chini ya tundu ni bungua, wadudu watoboa mbao. Dawa ni tofauti.

Binti Chuda

Fundi wa Pangani kasema yote ya ukuta, mimi naongezea la mtoto. Mama Nadhra, hayo madirisha na milango ina rangi ya zamani? Ile ya kijani inayotoka magamba?

Rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na risasi, namaanisha madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, ubongo wao bado unakua. Mtoto wa miezi kumi na minne anayeokota magamba sakafuni ndiye hasa. Kwa hiyo msasa mkavu na grenda ni marufuku. Lowesha kwanza, kwangua polepole, tandika nailoni chini, magamba yote yafungwe, sakafu ipigwe deki ya maji na isifagiwe kwa ufagio. Watoto siku hiyo wapelekwe kwa bibi.

Na asbesto ya jikoni vilevile. Ikiwa nzima, haina ufa, haitoi vumbi, iacheni ilivyo hadi mjipange. Msitoboe, msikate, msipige nyundo. Siku ya kuitoa inaloweshwa, inafunguliwa nzima nzima, inafungwa nailoni, na mnauliza NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, au halmashauri pa kuitupa. Vumbi lake linakaa mapafuni na ugonjwa wake unajitokeza baada ya miaka mingi sana.

Mama Nadhra

Binti Chuda umenitia jasho. Wiki iliyopita kijana wa rangi alikuja na grenda, akaanza dirisha la sebuleni. Vumbi la kijani limejaa kwenye mkeka tunaoulalia mchana. Nilimsimamisha kwa sababu ya kelele tu, mtoto alikuwa amelala, wala si kwa akili. Mkeka nimeutupa leo, dirisha nimelifuta kwa matambara ya maji mara tatu. Jumatatu nampeleka mtoto hospitali niulize kama damu inaweza kupimwa.

Nailoni nimebandika sehemu nne. Mume wangu ananicheka, anasema nyumba imekuwa mgonjwa wa plasta.

Mtu wa Muheza

Wote mnaongelea chokaa, hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Hati ina jina la nani?

Kama bado ni jina la babu, mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Mume wako ana mashangazi? Nimeona mtu amepaua upya, ameweka na simtanki, ndugu wakatokea na kikao kikakaa kwenye makochi aliyonunua yeye. Angalia pia deni la pango la ardhi, miaka sita tupu lazima limelala.

Seremala Mstaafu

Mwanangu, hilo kabati la bibi lifute kwa kitambaa kibichi, lipake mafuta ya kitani, basi. Usilipake vanishi nzito.

Makochi ya L usinunue. Mengi ya dukani ndani ni chipbodi, yale maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na hewa ya Tanga ikiingia inavimba kama mkate. Kabati la nguo la namna hiyo ukiliegemeza kwenye ukuta wenye unyevu mwaka hauishi mgongo wake umeota ukungu. Angalia darini au kwa ndugu, nyumba za makarani hazikosi viti vya mbao vya mikono mipana. Ukipata fremu, mikanda ya mpira na mito mipya unashonewa mjini, na umekaa. Ukitaka kipya, chonga cha msaji (mtiki) wa msitu wa Longuza, tena ukitenge na ukuta vidole vinne upepo upite.

Na madirisha yenu ya luva msiyang'oe kuweka aluminiamu. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimesimama bure. Joto la Februari mtalalia barazani. Weka wavu wa mbu kwa ndani.

Mama Nadhra

Narudi na majibu, ni siku tisa sasa.

Nailoni: vyumba vitatu matone madogo upande wa ukuta, kama alivyosema fundi. Cha watoto kilikuwa kinachuruzika! Nikakumbuka mita. Usiku saa nne nilifunga kila koki, nikapiga picha namba. Alfajiri imetembea lita 85 na hakuna aliyechota hata kikombe. Fundi bomba akatindua upande wa bafuni: bomba la chuma la zamani limeliwa na kutu, tundu dogo kama la sindano, linapuliza maji ndani ya ukuta wa wanangu, mwaka wa ngapi sijui. Tumelikata, tumepitisha la plastiki kwa nje ya ukuta, likivuja tena nilione kwa macho. Laki mbili na arobaini. Nilikuwa nakwenda kuvika marumaru juu ya hilo.

Ua tumechimba. Upande wa jikoni udongo ulikuwa juu ya sakafu kwa shubiri nzima, na tumekuta ngazi nyingine chini ambayo hata mama mkwe hakuijua.

Paa ndilo linalofuata, pamoja na wairingi. Fundi umeme wa leseni amekuja, kasema waya wote utoke, ethi rodi, kile chuma cha kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, haipo kabisa, tusichomeke friji hadi amalize. Kenchi mbili zililia kama ngoma. Dari ya babu itaguswa, mama mkwe amekubali baada ya kuona njia za mchwa kwa tochi. Pengo la popo litazibwa usiku wakishatoka, tukihakikisha hawana vitoto ndani. Kinyesi chao kitamwagiwa maji kabla ya kuzolewa.

Mtu wa Muheza, swali lako lilitunyima usingizi kuliko popo. Hati ni jina la babu. Tulichokuwa nacho ni karatasi ya kikao cha ukoo yenye saini tano, basi. Jumamosi tumekwenda kwa shangazi mkubwa na maandazi na aibu yetu. Kumbe alikuwa anasubiri aulizwe tu. Tunafungua mirathi mahakama ya mwanzo, yeye ndiye anapendekezwa kuwa msimamizi, na mabati hayapandi hadi hapo.

Shangazi akatufungulia stoo. Viti vinne vya babu, mikono mipana mpaka unaweka kikombe na sahani, chini ya magunia ya katani. Vimerudi na bodaboda ya mizigo. Mikanda haipo, tumefunga kamba ya mkonge kwa muda. Mume wangu amekalia kimoja tangu jana jioni, habari za makochi ya L sijazisikia tena.

Mama Nadhra mwenyewe nina swali la mwisho: ile nta nyekundu ya sakafu bado inauzwa wapi hapa Tanga? Dukani wananipa ya viatu.