Nyumba imeshapata mnunuzi: nipande dau au nipite?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Naomba tujadili hili kwa ustaarabu, maana nyumbani kwangu limeshaleta kelele.

Nimetafuta nyumba miezi saba. Juzi dalali kanionyesha moja, nikaipenda kabla hata sijafika jikoni. Chumba cha nyuma nikakuta utepe wa gundi umebandikwa sakafuni, mraba mrefu, kipimo cha kitanda kabisa. Nikauliza, nini hiki? Dalali akacheka: "Kuna mtu alikuja kupima. Bei wameshakubaliana na mwenye nyumba, ila hawajasaini. Ukiongeza kidogo, naweza kuzungumza naye."

Je, nikipanda dau hapo nimefanya biashara au nimedhulumu? Mke wangu anasema dhuluma. Kaka yangu anasema soko ni soko.

Jibu la 1
Panda dau mkuu, unangoja nini? Pasipo saini hakuna mauziano. Huyo wa utepe angekuwa na nia angekuwa ameshalipa.

Jibu la 2
Wewe wa juu hujawahi kufanyiwa, ndiyo maana. Eti "angekuwa ameshalipa". Alipe kabla wakili hajakagua hati kama nyumba ina mkopo au kesi? Kabla benki haijaleta mthamini? Kabla fundi hajapanda darini? Hayo yanakula wiki kadhaa, na kila mmoja wao anataka chake mkononi.

Mimi nilishawalipa wote watatu. Nilikuwa dukani nachagua mapazia nilipopigiwa simu: "Samahani dada, mwenye nyumba amepata mwingine." Sekunde kumi na tano hazikufika. Ripoti ya mkaguzi ninayo hadi leo, kurasa thelathini kuhusu paa la nyumba ya mtu mwingine. Asiyekagua chochote anaingia haraka, anayefuata utaratibu anaachwa mlangoni. Hilo ndilo soko mnalolisifu?

Jibu la 3
Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuingilia biashara ya nduguye iliyokwisha kukubaliwa, kama alivyokataza kuposa juu ya posa ya mwenzio. Wanazuoni wakafafanua: kwenye mnada, au bei ikiwa bado inavutwa huku na huku, ruksa kuongeza. Katazo linaanza pale wawili walipokwisha kuridhiana. Dalali amekwambia kwa kinywa chake kwamba wameridhiana.

Jibu la 1
Sawa shehe, dini tumeisikia. Sheria je?

Jibu la 4
Sheria hazifanani, ndiyo maana kila mmoja hapa anaapa kwa ya kwake.

England na Wales, kwa sheria ya 1989, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi na wenye saini. Kabla ya pande mbili kubadilishana mikataba, yeyote anaweza kujitoa, na muuzaji kuhamia kwa mwenye dau kubwa si kosa. Uskoti ni nchi jirani tu, lakini mambo ni tofauti: mawakili huandikiana barua, na zikikamilika zinafunga pande zote. Zaidi ya hapo, muuzaji akishakubali ofa kisha akataka kumkimbilia mwingine kwa sababu ya bei, wakili wake anatarajiwa kuacha kumwakilisha. Ufaransa mkataba wa awali husainiwa mapema, kisha mnunuzi wa makazi hupewa siku 10 za kujifikiria. Muuzaji hapewi hata moja.

Kwa maoni yangu, tunamlaumu sana mnunuzi wa pili, wakati tatizo ni kile kipindi cha katikati ambacho kimeachwa wazi bila karatasi. Kinaweza kufungwa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ya England ilisikiliza kesi ya wanunuzi wawili waliokuwa wakipandiana dau. Muuzaji alimwahidi mmoja kwamba kwa wiki mbili hatasikiliza ofa nyingine, naye akaahidi kubadilishana mikataba ndani ya muda huo. Kisha muuzaji akamuuzia yule mwingine. Mahakama ikasema ahadi ile ilimfunga, alipe fidia. Wiki mbili tu za ahadi yenye tarehe! Dada wa mapazia angekuwa nayo, simu ile ingemgharimu mwenye nyumba.

Kwa hiyo mleta mada, kaulize swali moja: huyo wa kwanza amepewa muda maalumu? Kama amepewa, kaa pembeni. Kama hakupewa, sheria nyingi hazikuzuii. Utakachobaki nacho ni mke wako.

Jibu la 2
Na mwenye nyumba anayemruka mwenzio leo, kesho akija wa tatu atakubakisha wewe?

Jibu la 5
Samahani, ninyi nyote mmeamini kwamba huyo wa utepe yupo. Nani kamwona? Utepe wa gundi unauzwa kila mahali. Dalali analipwa kwa asilimia ya bei, na hakuna kinachopandisha bei kama mshindani asiyeonekana. Mwambie akuletee kwa maandishi kwamba ofa ipo na imekubaliwa lini. Akianza kigugumizi, jibu umelipata.

Jibu la 1
Hapo umenena. Hilo sikuliwaza.

Mleta mada
Nimewasoma wote, ahsanteni. Nimemwandikia dalali hivi: aniweke wa pili kwenye foleni, kwa bei ileile waliyokubaliana, na asinipigie mpaka wa kwanza ajitoe mwenyewe. Nikaomba pia anithibitishie kwa maandishi kwamba huyo wa kwanza yupo.

Akajibu: "Sawa." Kuhusu maandishi, kimya. Baada ya dakika kumi ujumbe mwingine ukaingia, ananiuliza kama kweli siwezi kuongeza hata kidogo.

Jibu la 5
😂 Kesho kamwombe uonyeshwe tena kile chumba. Angalia kama utepe bado uko palepale.