Wiki ya sita natafuta video moja ya sudoku, na kila mtu ananiletea ile nisiyoiulizia

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Naandika uzi huu nikiwa nimekasirika, na sioni sababu ya kujifanya sivyo. Kwa wiki sita sasa ninatafuta video moja tu ya mtu anayefumbua sudoku, lile fumbo la kujaza jedwali kwa tarakimu 1 hadi 9 bila kurudia yoyote katika safu au mraba mmoja, video niliyoitazama hapa Nairobi mwaka 2020 wakati wa kafyu, na kila ninayemwendea ananipa kitu kingine kisha anasubiri shukrani.

Nitaanza na ninayoyakumbuka, asije mtu akasema sikueleza. Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, sote tukitakiwa kuwa majumbani kufikia saa moja jioni, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaani Umoja, tukitazama video kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mfumbuzi alikuwa mwanamume mwenye Kiingereza cha Uingereza, uso wake ukiwa pembeni mwa skrini na jedwali likichukua nafasi yote iliyobaki. Jedwali hilo halikuwa na tarakimu hata moja mwanzoni. Lilikuwa na vile vizimba, yaani vikundi vya vyumba vya jedwali vilivyozungushiwa mistari ya nukta, kila kizimba kikiwa na jumla ya tarakimu zake imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Video ilizidi nusu saa. Haya nina hakika nayo.

Sasa, kinachonifanya niitafute hii na si nyingine ni hiki: baada ya kujaza kama robo ya jedwali, bwana yule aligundua kwamba safu moja ya wima ilikuwa na 4 mbili. Alinyamaza. Tulidhani mtandao umekwama, mdogo wangu akagusa skrini. Kisha akaanza kufuta, tarakimu moja baada ya nyingine, huku akieleza kwa sauti ni wapi alipokosea na kwa nini lile kosa lilimvutia wakati ule, mpaka akafika kwenye hatua aliyokuwa na hakika nayo. Angeweza kukata kipande hicho kabla ya kuipandisha video. Hakukikata.

Ninasimamia chama cha hisabati katika shule moja ya Eastlands, na wanafunzi wangu wana ugonjwa mmoja: wakikosea, huchana karatasi. Niliwaahidi kwamba nitawaonyesha mtu mzima, tena bingwa, akikosea mbele ya ulimwengu na kurudi nyuma bila kuchana chochote. Ahadi hiyo ndiyo inayonitesa.

Najua kuna atakayeniambia niwafundishe mwenyewe. Mbinu nimeshawafundisha. Kila safu, na kila mraba wa vyumba tisa, hubeba tarakimu 1 hadi 9, kwa hiyo jumla yake haiwezi kuwa nyingine ila 45. Niliwachorea ubaoni mraba wa juu kushoto wenye vizimba vinne vya 10, 14, 8 na 20, hicho cha mwisho kikiwa kimechomoza chumba kimoja nje ya mraba. Ukijumlisha unapata 52; ukitoa 45 zinabaki 7, basi chumba kilichochomoza ni 7, na hujagusa kingine chochote. Msichana mmoja wa nyuma alipiga meza kwa furaha. Hilo naliweza bila msaada wa mtu. Nisichoweza ni kuigiza kosa. Watoto hutambua mara moja mwalimu anapojifanya amekosea.

Tuje kwenye malalamiko yenyewe. Ninapoandika katika ule mtandao mkubwa wa video maneno yanayoeleza ninachotaka, hunipa matokeo manne au matano yanayohusu sudoku, kisha huanza kunichagulia: mechi za mpira, mahubiri, jinsi ya kusonga ugali usio na madonge. Mimi sikuuliza wengine wanatazama nini. Nikiandika upya kwa maneno mengine, naletewa historia ya mchezo wenyewe, kwamba ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979, kazi ya msanifu majengo mstaafu Howard Garns, na kwamba jina hili tunalolitumia ni la Kijapani lililokuja baadaye. Ni elimu nzuri, nakubali, na niliitazama hadi mwisho, jambo ambalo lilinigharimu kifurushi cha data na kuniongezea hasira.

Watengenezaji wa video hizi nao wana lao. Video mia zina vichwa vinavyosema kwamba fumbo hili haliwezekani, na zote mia zinamalizika fumbo likiwa limefumbuliwa. Kichwa cha namna hiyo kina manufaa gani kwa mtu anayetafuta? Hakuna hata mmoja ambaye angeiita video yake kwa jina la kosa alilolifanya ndani yake, na kosa ndilo pekee ninalolikumbuka sawasawa.

Msiniambie niangalie orodha ya nilizowahi kutazama. Simu ile ilinyakuliwa dirishani mwa matatu karibu na Railways, laini ikaenda nayo, na nilipotaka kuifungua akaunti yangu, nambari ya siri ikawa inatumwa kwenye laini ileile iliyoibwa. Nilijaza fomu yao mara tatu, na mara tatu nikajibiwa kwamba hawajaweza kuthibitisha kuwa mimi ni mimi.

Kisha mwalimu mwenzangu akanishauri niiulize programu ya akili mnemba. Hapa ndipo damu ilipochemka hasa. Programu ile haikusita hata kidogo: ilinipa kichwa cha video, tarehe, urefu wake kwa dakika na sekunde, na kiungo. Niliwaambia wanafunzi kwamba video imepatikana. Kiungo kilipofunguliwa mbele ya darasa, kilitua kwenye ukurasa usio na kitu. Nilipoirudia programu na kuieleza, iliomba radhi kwa adabu nyingi na kunipa kiungo kingine, ambacho nacho hakikuwa na kitu. Mtu akikuelekeza njia asiyoijua pale Muthurwa, angalau utamwona machoni kwamba anabahatisha.

Nimewaacha wasaidizi wa kibinadamu mwisho kwa sababu wao wangeweza kusoma. Kila niliyemweleza, kuanzia kijana wa saiba hadi binamu yangu aliye Uingereza, amenitumia video ileile: ile ya Mei 2020 ya chaneli ya Cracking the Cryptic, ambayo Simon Anthony anaanza na tarakimu mbili tu, 1 na 2, na kuongozwa na masharti ya sataranji, kwamba tarakimu moja isijirudie kwa hatua ya farasi wala ya mfalme, na kwamba tarakimu zinazofuatana zisikae ubavu kwa ubavu. Naijua. Ni video ya ajabu, hasa ukizingatia kwamba sudoku ya kawaida huhitaji angalau tarakimu 17 ili iwe na jibu moja tu. Umaarufu wake ni halali. Lakini haina vizimba, haina jumla za pembeni, na ina tarakimu mbili, ilhali mimi nimesema hakukuwa na hata moja. Nikimweleza mtu hivyo, hunijibu kwamba labda nimesahau. Watu saba wamenitumia video hiyo, na wawili kati yao wameudhika kwamba sikufurahi.

Labda nimesahau, ndiyo. Juzi nilimpigia mdogo wangu, ambaye sasa yuko Nakuru, nikitarajia atanithibitishia. Alikumbuka chupa ya chai, alikumbuka kugusa skrini, lakini akashikilia kwamba tarakimu zilizojirudia zilikuwa 6 na kwamba bwana yule alikuwa amevaa miwani. Tulibishana hadi salio likaisha. Kwa hiyo mtafutaji mwenzangu, usiifunge akili yako kwenye 4. Miwani sina msimamo nayo. Vizimba na kule kufuta ndivyo visivyojadiliwa, kwa kuwa hata yeye anavikubali.

Ninachoomba ni kiungo, na dakika ambapo kufuta kunaanzia. Kama ulitazama video za namna hii mwaka ule na unakumbuka mfumbuzi mwingine yeyote aliyerudi nyuma vivyo hivyo bila kukata, niandikie hiyo pia, kwani chama chetu hukutana kila Ijumaa baada ya masomo na nimeshatumia visingizio vitatu. Ila atakayeniletea ile ya tarakimu mbili nitajua kwamba hakusoma hadi hapa.